Mvua ya Bibi

Ndani ya basi, fundi saa alijifanya amesinzia, lakini masikio yake yote yalikuwa kiti cha mbele. Dobi alikuwa akimhoji binti wa sekondari aliyepakata chupa ya kupimia mvua, iliyokatwa shingo, utadhani mvua binti mwenyewe ndiye anayeifungulia.

"Mwanangu, vuli inaanza lini? Nina mashuka ya watu kambani."

"Imechelewa, mama. Upepo bado haujageuka. Napima kila asubuhi, chupa kavu. Ila kuna siku nilikuwa nakuta maji."

"Mbona kwetu haikunyesha?"

"Hata kwetu. Bibi akiniona nimenuna, alfajiri ananimiminia kidogo. Mimi naandika sifuri daftarini, halafu namwambia, 'Bibi, imenyesha!' Anavyofurahi!"

Dobi alicheka mpaka akashika kiti. "Na leo?"

"Bibi amelazwa. Kila nikienda ananiuliza kama imenyesha."

Kicheko kikakatika. Basi lilipokaribia hospitali, dobi alifungua maji yake ya kunywa, akamimina kidogo ndani ya ile chupa.

"Nitaandika sifuri," binti alisema, akipangusa macho.

"Andika. Lakini yeye mwonyeshe."

Nje hakukuwa na wingu hata la dawa. Basi liliposimama, fundi saa alisahau kwamba amelala. "Shuka taratibu, mjukuu wangu," alisema. "Usije ukaimwaga mvua."