Nyayo Zisizo na Uvungu

Mwaka ule wa embargo, majirani walipoifungia nchi mipaka, petroli ilipoadimika Bujumbura na magari yakalala juu ya mawe, benchi la mbele ya gereji ya Rachidi, kule Buyenzi, halikukosa watu. Kahawa ilikuwapo, kwa kuwa kahawa huota vilimani na haiombi ruhusa mpakani. Rachidi mwenyewe walimwita Dizeli. Jirani yake Hyacinthe, aliyewahi kupiga chapa mahakamani, walimwita Maître, kama wanavyoitwa mawakili. Kati yao alikaa mzee Massoudi, amempakata mjukuu wake Assia, msichana wa miaka mitatu ambaye alikuwa hajatembea. Akishikiliwa alisimama, akiachiwa alipepesuka, akaketi. Nyayo zake zilikuwa bapa kama chapati. Alasiri hiyo Adija, dada yake Massoudi, angekuja kumchukua ampeleke kwa mganga akachanjwe nyayo kwa wembe. Massoudi hakutaka, ila neno la kumpinga dada yake hakuwa nalo. Ndipo alipolileta shauri kijiweni, kama mtu aliyeishiwa maji akaenda kuomba kwa jirani mwenye kiu.

— Lete huyo mutoto, Dizeli alisema, akamhamishia pajani pake na kuupindua wayo. Ona! Pneu, mupira ya gari, imeisha meno. Itashika barabara namna gani?

— Mutoto si camion, si lori, Massoudi alijibu.

— Mzee, kila kitu chenye kutembea ni camion.

Maître alinyoosha mikono, akampokea mtoto.

— Kwa Kifaransa wanaita pieds plats. Mutu wa miguu kama hii, jeshi inamukataa.

— Alhamdulillahi! Basi tumuache hivi hivi! Massoudi alidakia.

Walicheka, kisha wakapunguza sauti, maana askari wawili walikuwa wanapita.

— Lakini wembe itasaidia, Maître aliendelea. Wahenga walisema, samaki mukunje angali mubichi.

— Samaki! Massoudi alifoka. Unataka kumufundisha mutu kutembea, unaleta samaki?

— Ni mufano, mzee.

— Tafuta mufano wenye miguu!

Dizeli alimchukua tena mtoto, akamrusha juu kidogo, akamdaka.

— Wembe apana. Ni mabomu. Tangu azaliwe, udongo inatetemeka. Mutoto anazania iko ndani ya mutumbwi. Nani anasimamaka ndani ya mutumbwi?

— Unataka mufano wenye miguu? Maître alimgeukia Massoudi. Kiboko! Anatoka ziwani usiku, miguu bapa kama sinia, anakimbiza pikipiki mupaka mutaa wa Asiatique. Kwa hiyo muguu haina kosa. Kosa ni embargo. Équilibre ya mutoto, ile ya kusimama bila kuyumba, inatoka ku chumvi, na chumvi wameifunga mupakani.

— Jana ulisema embargo ndiyo ilikung'oa meno, Massoudi alimkumbusha.

— Na ile pia!

— Penye wengi hapaharibiki neno, Dizeli alihitimisha, akamwinua Assia juu ya kichwa chake na kumrudisha kwa babu yake.

Mwishoni mwa benchi alikuwapo mtu ambaye hawakumjua, Cirimwami wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyengoja kiraka cha baiskeli yake kikauke. Kwa muda wote huo macho yake yalikuwa yakimfuata mtoto, paja kwa paja.

— Pardon, wazee wangu. Huyu mutoto anakuwaka chini saa ngapi?

— Chini namna gani?

— Chini. Ku udongo.

Massoudi alichakura kumbukumbu yake yote asiokote kitu. Assia alizaliwa wiki ile ya Oktoba risasi zilipoanza mjini. Tangu hapo, mchana alifungwa mgongoni mwa mama yake, usiku akalazwa kifuani pa Adija, ili milio ikisikika pasiwe na wa kutafutwa. Nyumba nzima ilimbeba kama mzigo wa safari ambayo haijaanza.

— Risasi zikilia, nani atamuokota? Massoudi aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

— Sijui, baba. Mi nimeuliza tu.

Massoudi aliinuka. Alimsimamisha Assia kwenye mchanga mweusi kwa oili, akaondoa mikono. Vidole vya miguu vikaufinya udongo. Mtoto alipepesuka kushoto, akapepesuka kulia. Dizeli akaruka kumdaka.

— Mutu asimuguse! Massoudi alinguruma. Miaka mitatu tunangoja kukimbia. Mi sikimbii. Nilizaliwa hapa Buyenzi, na huyu atatembea hapa Buyenzi!

Assia alianguka kwa makalio. Hakulia. Aliutazama mchanga uliogandamana kiganjani, akashangaa, kisha akaikita mikono yote miwili na kuinua kiuno.

Adija alitokea kwenye kona, kitenge cha kumbebea kikiwa tayari begani.

— Kaka, nani ametupa mutoto chini? Nipe, mganga anangoja.

Massoudi alisimama kati yao.

— Muambie huyo mganga, wembe yake anyolee ndevu zake.

— Na kuhusu mutoto nimuambie nini?

— Muambie iko ku kazi.