Fundi wa Viti Aliyesafiri Akiwa Amesimama

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wa karakana na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mwenzetu, familia imemkabidhi shemeji wa marehemu, yaani mimi, ndugu wa mkewe, kazi ya kusoma historia hii, na kwa kuwa shemeji huyo hana simile, mkisikia utani mahali msishangae, ndivyo wawili hao walivyoishi tangu siku ya harusi hadi wiki iliyopita.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Karibu-Kiti, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1950, kwenye kota za reli, chumba cha tatu kutoka bombani, akiwa mtoto wa nne wa mpiga kengele wa stesheni, na mama yake alipenda kusimulia kwamba treni ya mchana ilipita saa ileile, na kichanga akanyamaza kulia ili aisikilize, jambo ambalo shemeji yake hakuwahi kuliamini.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya njia ya reli kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akasifika kwa mikono myepesi na daftari chafu, kisha akakaa kwa baba yake mdogo, fundi magodoro, akijifunza kushona turubai, kufunga springi na kujaza sufi, mpaka tarehe 1 Julai 1970 alipoajiriwa katika karakana ya mabehewa kama fundi wa viti, kazi aliyoifanya kwa uaminifu hadi alipostaafu tarehe 30 Aprili 2010. Kila kiti alichokimaliza alikikalia, akajirusha kidogo, akakipiga kofi la kukiaga, akahamia kingine, na yalipoletwa malalamiko ya abiria kwamba viti vinaumiza mgongo, alicheka hadi akashika mbavu, akasema watu wa siku hizi wana migongo ya mayai.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na karani wa posta, ambaye ndiye dada yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1977 na wa kike mwaka 1980.

Sasa, wale ambao hawakufanya kazi ya reli waelewe jambo moja, kwamba kila mwaka likizo ilipofika, shirika lilimpa mfanyakazi tiketi za matembezi kwa robo ya nauli, yeye, mke na watoto, waende kokote njia ilikofika, si kikazi wala msibani, ni kutembea tu na kuburudika, na marehemu alizijivunia tiketi hizo kuliko mshahara. Lakini zilikuwa na sharti, kwamba mwenye punguzo hukaa penye nafasi, na abiria wa nauli kamili akikosa kiti, humpisha bila ubishi, na akibisha, familia nzima hupoteza haki hiyo na yeye huitwa mbele ya wakubwa kujieleza. Shemeji wetu hakungoja kuambiwa, akiona mtu na begi mlangoni tayari ameshanyanyuka, karibu kiti, karibu kiti, na jina likamganda.

Mkewe alikuwa na haja moja, na mtaa mzima uliijua, nayo ni kukaa na mumewe dirishani, bega kwa bega, kutoka stesheni ya kwanza hadi ile ya mwisho kule milimani, walitazame pamoja lile daraja refu la reli, lakini miaka ikapita, kila likizo, kabla hawajafika mbali, mume yuko koridoni amesimama na mke yuko kitini na mgeni.

Jana jioni wazee wa familia waliomba sehemu inayofuata irukwe, wakisema msibani si mahali pake, na dada yetu akajibu kwamba isomwe kama ilivyo, kwa sababu hayo ni maisha yake pia.

Tarehe 22 Desemba 1984 walisafiri wote wanne, yule binti akiwa ametoka kuugua nimonia, amelala mapajani kwa mama yake na mwili bado una joto, na abiria wa nauli kamili wakapanda wengi, marehemu akapisha, kijana wake akapisha, na bado bwana mmoja mwenye sanduku akawa hana pa kukaa. Mkagua tiketi akaja akasimama mbele ya dada yetu, naye akamwambia, bila kupaza sauti, kwamba mtoto ni mgonjwa, kwamba yeye hanyanyuki, na wakitaka wamtupe dirishani. Mkagua tiketi akalibonyeza koleo lake la kutobolea tiketi mara kadhaa, akamgeukia mume, si mke, akamuuliza kama familia inasimama au inashuka stesheni inayofuata, ambayo haikuwa hata na paa, na nje mvua ilikuwa inamwagika. Watu walimtazama, shemeji wetu akamchukua mtoto kutoka mapajani kwa mama yake, akamwamuru mkewe, mbele ya wageni wale, asimame.

Akasimama. Kutoka pale hadi milimani alishikilia chuma cha kuwekea mizigo, na mtoto alipoamka aliuliza mbona mama analia.

Waliporudi nyumbani dada yetu akaapa kwamba hatapanda tena treni kwa tiketi ya punguzo ya mumewe, na wanaomjua wanajua kwamba hana mchezo na kiapo. Marehemu akawa anasafiri na watoto, na walipokua akasafiri peke yake, akimletea mkewe mapera ya kule milimani, naye akiyaosha, akiyapanga mezani, na hakuyaonja hata mara moja. Walikula meza moja na kulala kitanda kimoja, lakini kila Desemba, baba alipozitoa tiketi mfukoni, nyumba ilikazika kiasi kwamba watoto walijitafutia shughuli uani. Marehemu alijitetea kwamba angebisha siku ile, kazi ingeota mbawa na watoto wangelala njaa, na pengine alisema kweli, na mkewe alijua kwamba pengine ni kweli, ndiyo maana ilimuuma zaidi.

Mwezi Machi 2014 alianza kuvimba miguu, vipimo vikaonyesha moyo umechoka, akalazwa na kuruhusiwa mara kwa mara, hadi Septemba 2015 daktari alipowaeleza kwa upole kwamba kilichobaki ni kupumzika. Hapo marehemu akaomba kitu kimoja, kwenda milimani tena, na mkewe, kwa tiketi zake za mstaafu. Watoto wakajitolea kuwalipia nauli kamili, akakataa katakata, akasema ameitolea jasho tiketi ile miaka arobaini, na hawezi kununua kiti alichokishona mwenyewe. Dada yetu akazunguka na kazi zake siku kadhaa amenuna, kisha asubuhi moja binti yake akamkuta anapiga pasi gauni la safari.

Tarehe 17 Oktoba 2015 wakapanda, wakapata viti viwili dirishani, na kila treni iliposimama dada yetu aliutazama mlango roho mkononi. Stesheni moja kabla ya daraja, watu wakajaa, na mama mmoja mwenye nauli kamili akasimama kando yao, na mkagua tiketi, kijana wa umri wa mjukuu wao, akawakumbusha sharti kwa adabu zote. Marehemu akashika mkono wa kiti, akaanza kujiinua kwa miguu yake iliyovimba, neno la karibu likiwa mdomoni, na mkewe akamkandamiza bega, akamrudisha chini, akasimama yeye, akamwambia kijana kwamba kinachotakiwa ni kiti kimoja, basi kimoja ndicho hiki, na huyu leo anakaa. Mume akamvuta nguo, akamsihi kwa sauti ya chini asimwaibishe mbele za watu, naye akamjibu kwamba hata siku ile palikuwa mbele za watu. Yule mama akakaa, akafungua karanga zake, akatafuna, akasinzia, bila kujua amekaa katikati ya nini.

Wakalivuka daraja hivyo, mke amesimama na mkono begani kwa mume, mume ameshika pindo la koti la mke, na wala hakutazama nje, alimtazama yeye. Safari iliponoga akaanza kujinyonganyonga, akaegemea huku, akaegemea kule, mwishoni akamwashiria mkewe ainame, akamnong'oneza kwamba kiti kinauma, kuna chuma hapa chini ya kiuno, kumbe abiria walisema kweli miaka yote na yeye hakuwahi kukikalia vya kutosha akajua, na akamwomba msamaha, wa kiti, na wa siku ile. Dada yetu anasema alicheka hadi mama wa karanga akazinduka, kicheko kikageuka kilio, akamwambia amekwisha kumsamehe, akae tu.

Siku chache baada ya kurudi, marehemu alikwenda karakana kwa mkongojo, akawaonyesha vijana mahali chuma kilipo, akawaagiza waongeze sponji. Tarehe 22 Novemba 2015, asubuhi, katika hospitali ya wilaya, kwenye kitanda cha dirishani, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkewe ameketi kando yake, na juu ya kabati palikuwa na pera lililomegwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika, waliolala nasi na waliotuazima viti hivi mlivyokalia, na kwa namna ya pekee mafundi wa karakana, ambao usiku wa kuamkia leo, bila kuombwa na mtu, walilivika jeneza hili kwa ndani, wakaweka sponji mara mbili pale chini ya kiuno.

Shemeji, hiki hakiumi, na hakuna atakayekuja kukuinua. Pumzika kwa amani, na safari hii ukae.