Maisha ya Dkt. Musyoka Kisilu, Mwana Ambaye Hakuitwa

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Mbithe, dada yake mkubwa, na familia imenituma nisome, ingawa sistahili.

Dkt. Musyoka Kisilu alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 hapa Jericho, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kisilu, mchonga vinyago wa Majengo, na marehemu Mama Ndete. Alisoma shule ya msingi papa hapa mtaani, akamaliza sekondari Machakos mwaka 1994, akahitimu shahada ya fizikia mwaka 1999, kisha akapata shahada ya uzamifu nchini Uswidi tarehe 8 Juni 2007.

Alirudi mwaka 2008 kufundisha chuo kikuu hapa Nairobi, akawa mtafiti wa nyaya za silikoni, nyembamba kuliko unywele mara elfu moja, ambazo huoteshwa kwa mvuke ndani ya tanuri, akitumaini kwamba siku moja zingevuna umeme wa jua kwa bei ya mtu wa kawaida. Sisi tulimcheka, tukamwomba atuoteshee za kuanikia nguo. Alifunga ndoa na Elsie tarehe 11 Desemba 2010, wakaishi Donholm, wakajaliwa mtoto mmoja, Maingi.

Sasa nasema lile ambalo halimo kwenye karatasi mliyopewa. Mama alipozidiwa, tarehe 22 Agosti 2013, alimwulizia Musyoka tangu asubuhi hadi alipokata roho saa tisa alasiri. Simu za mkononi haziruhusiwi kule kwenye tanuri, kwa hiyo Musyoka alikuwa ameniandikia namba ya simu ya mezani ya maabara, nikaibandika mlangoni mwa jikoni, na siku hiyo sikuipiga, kwa sababu mimi ndiye niliyemwogesha Mama miaka minne, na bado jina lililomtoka kinywani lilikuwa la Musyoka. Matangani niliwaambia kwamba nilipiga, hakupokea, nanyi mkamwita mtu wa kupenda mashine kuliko mzazi, na yeye mwenyewe akaamini.

Mwezi Machi mwaka huu, Awiti, mwanafunzi wake, alinieleza kwamba tangu msiba ule Musyoka aliweka sheria, simu ya maabara ikilia ipokewe, hata kama kazi ya siku nzima itaharibika tanurini. Wakati huo saratani ya kongosho, iliyogunduliwa tarehe 20 Januari, ilikuwa imeshamlaza, nikawa namnywesha uji kila siku, hadi alipofariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, na sikumwambia. Naona aibu mbele yako, Elsie, naona aibu mbele yako, Maingi, baba yako hakumtupa nyanya yako.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Jericho na Donholm waliotupikia na kukesha nasi, na wenzake wa maabara waliofunga kazi ili wamsindikize.

Musyoka, ndugu yangu, Mama alikuulizia na mimi sikukuita, pumzika kwa amani.