Njaa Yenye Saa Yake

Wamama, munisikilize mbele ya kuguna. Nasikia pale nyuma: "Huyu wa kwaya, alifunga Ramazani?" Ndiyo, nilifunga. Nitawaambia sababu.

Munajua tulikimbia kutoka hapa Kabambare wakati bunduki zilipolia. Mimi na binti yangu tulikaa porini tukila majani, mpaka tukafika Kasongo. Mama mumoja Mwislamu, muuza chumvi sokoni, akatupa chumba mu parsele, kiwanja cha nyumba yake. Chakula kilikuwepo, lakini njaa ya pori ilikuwa imebaki ndani yangu. Tumbo likilia kidogo tu, moyo unapiga, miguu inataka kukimbia. Siku moja sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilichelewa kuiva. Nikamukamata mutoto mukono, nikatoka mbio barabarani, pikipiki ikatukosa kidogo tu. Mama ya marehemu bwana yangu, aliyefika Kasongo mbele yetu, akasema, "Ukikimbia tena, mutoto namuchukua. Utamuua." Ndugu zangu, nawaambia, alikuwa na haki, na mimi niliogopa sana.

Ramazani ikaingia. Nikamuona yule mama anapika muchana, jasho linamutoka, hali kitu, na mikono yake haitetemeki. Nikamuuliza, "Mama, njaa haikutishi?"

Akacheka. "Inanisumbua, bibi. Lakini inajua saa yake ya kutoka."

Nikasema na mimi nitajaribu. Basi nikafanya kosa letu sisi watu wa maombi. Aliponigongea mulango mbele ya alfajiri nile daku, nikakataa. Kwetu kufunga ni kufunga kavu, na kuamka kula niliona ni kumudanganya Mungu! Jua lilipoanza kuteremka nikatetemeka mwili muzima. Nikamukamata mutoto, tukafika mpaka mulango wa parsele. Yule mama akasimama mbele yangu, hakunigusa.

"Kunywa maji, hakuna atakayekucheka. Lakini kesho nikigonga, fungua. Mufungo wetu unaanza na kula."

Nikaketi pale chini, nikanywa, nikalia mbele ya kila mutu.

Kesho yake akagonga, nikafungua. Uji wa moto na ndizi. Wamama, porini kila mutu alilala na njaa yake. Kule Kasongo mutu aliacha usingizi wake ili mimi nile. Nikala yote.

Jioni ile njaa ilikuja, na woga wake. Nikaendelea kutwanga sombe. Mutoto akasema, "Mama, niko na njaa." Mama mukwe alikuwa ameketi pale, ananitazama mikono. Nikamupakulia mutoto, nikangoja ashibe, mimi sijaonja hata chumvi. Mikono ikatulia. Magaribi ikaadhiniwa, tukala wote, na mama mukwe hakusema tena habari ya kumuchukua mutoto.

Woga haukuisha siku moja, sitawadanganya. Mwezi muzima mimi nao tulipigana.

Namushukuru Mungu, namushukuru yule mama, na mama mukwe pia kwa ukali wake. Sisemi mugeuze dini, mimi niko hapa hapa kwaya. Na mugonjwa ama mwenye mimba asijaribu. Lakini Kwaresima iko karibu, na sisi kila mumoja anafunga peke yake nyumbani kwake, anateseka, anajisifu. Mwaka huu hapana. Mwenye kutaka kufunga aniambie leo. Mbele ya alfajiri nitapita nyumba kwa nyumba, nikigonga.