Ubao wa Kila Nyumba: Maisha ya Tuman Beg wa Yarzkut

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Wazee wetu, majirani, na ninyi mliovuka mto asubuhi hii kuja kumsindikiza Babu, asanteni. Familia imenipa mimi, mjukuu wake Parigul, kazi ya kusoma maisha yake. Baba alisema nisome yale ya lazima tu kwa sababu jua la Oktoba halingoji mtu. Bibi akasema lolote nitakaloruka, nisiruke habari ya daraja. Nimemtii Bibi.

Marehemu Tuman Beg alizaliwa hapa Yarzkut tarehe 9 Machi 1951, siku ya kutupa mbegu za kwanza shambani, akiwa kitinda mimba wa marehemu Shambi Khan na marehemu Sultona. Mama yake alikuwa anakanda unga wa sherehe uchungu ulipomshika. Mpaka uzeeni mwake mama huyo alikuwa akimtania kwamba alizaliwa mkate haujaiva, ndiyo maana hakuwahi kubanduka jikoni. Baba yake, Shambi Khan, katika ujana wake alibebeshwa mizigo ya watawala wa enzi zile, kupanda na kushuka mabonde, bila ujira na bila kuulizwa. Mgongo wake ulipinda mapema. Hata hivyo, wazee wanasema hakuna aliyemwona akitembea na mgongo mtupu. Akikuta mtoto amechoka njiani alimbeba, akikuta mama na kuni alimpokea. Naomba mgongo huo muuweke akilini.

Marehemu alisoma darasa la kwanza mpaka la tano katika shule yetu, ambayo wakati huo ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na zizi, na mbuzi walisikia kila somo. Baadaye alisoma Gulmit na kumaliza darasa la nane mwaka 1965. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti: “Ana akili na bidii. Hapendi kusaidiwa.” Nilimuuliza Babu kama hayo yalikuwa sifa au lawama. Alicheka, akasema, “Nilidhani ni sifa. Nikakitembeza cheti kijiji kizima.”

Mwaka 1968 alikwenda Karachi kutafuta kazi. Alianza kwa kuosha masufuria katika hoteli moja karibu na stesheni, na alipofika miaka ishirini na tano alikuwa mpishi mkuu. Huko alijifunza kuamka kabla ya wote na kufanya kila kitu kwa mkono wake. Mpishi mwenzake akichelewa, marehemu alimkatia nyama yake, akampikia na wali wake, na hakulalamika. Mwenye hoteli alimpenda. Wapishi wenzake hawakumpenda sana, na yeye hakuelewa kwa nini.

Shambi Khan alifariki tarehe 11 Novemba 1977. Habari ilifika Karachi kwa kuchelewa, na mwanawe alipoingia Yarzkut alikuta kaburi limeshafunikwa na theluji. Hakupata kushika jeneza wala koleo. Nadhani yaliyofuata yote yalianzia hapo.

Aliamua kumfanyia baba yake nomus. Kwa wageni wetu waliotoka mbali, nomus ni kazi ya kijiji inayofanywa kwa jina la mpendwa. Mwenye nomus huchagua kitu ambacho watu wanakihitaji, njia au ukuta au daraja. Yeye hutoa vifaa na chakula, watu hutoa mikono, na kazi ikiisha hubeba jina la mpendwa huyo hata baada ya sisi sote kuondoka. Yarzkut ilihitaji daraja. Watu walikuwa wakivuka mto kwa kuning’inia kwenye kamba ya waya, mama na mtoto, mbuzi na gunia.

Kiangazi cha 1978 marehemu alirudi na akiba yake yote. Lakini hakuwaita majirani. Alileta mafundi na vibarua kutoka mabonde ya chini, akawalipa na kuwalisha, nao wakafunga nyaya, wakapigilia mbao za kiwandani zilizolingana kama meno ya mtu tajiri. Wazee walipokuja na majembe yao aliwarudisha kwa heshima. “Kaeni mpumzike, baba zangu. Safari hii mtavuka tu.” Alikuwa ameapa moyoni kwamba hakuna mtu atakayebeba jiwe kwa jina la mtu aliyebebeshwa mawe mpaka akapinda.

Mwezi wa Oktoba wanawake waliteremka kutoka malishoni na yaki wao, ng’ombe wa milimani wa manyoya marefu, kama kawaida yetu. Kijiji kizima kilikuwa ukingo wa huku kuwapokea. Marehemu alisimama mwisho wa daraja amevaa koti la Karachi na viatu vinavyong’aa, mkononi sinia la peremende. Aliyekuwa mbele ya kundi alikuwa msichana aitwaye Zamrut, binti wa Qurbon Mast. Alilitazama daraja, akakunja suruali mpaka magotini, akageuza yaki kuelekea mtoni.

Mama yake akapiga kelele, “We Zamrut! Daraja hilo hapo, unakwenda wapi?”

“Nyumbani, mama.”

“Kwa majini?”

“Maji yananijua. Hilo daraja halinijui.”

Marehemu akaita kutoka ng’ambo, “Dada, pita tu! Ni bure!”

“Bure kwako, bwana wa hoteli! Mimi sijaweka kitu hapo, nitapitaje?”

Mtu mmoja kwenye umati akasema, “Mwambie akuletee menyu kwanza!” Watu wakacheka mpaka wakashikana. Zamrut akaingia mtoni, yaki wakamfuata, na wanawake wengine nao wakakunja suruali. Peremende ziliishia kwa mbuzi.

Si kwamba watu waligoma kulitumia. Majira ya baridi yalipokaribia walivuka, maana baridi haina kiburi. Ila hakuna aliyelitaja kwa jina la Shambi Khan. Waliliita Daraja la Karachi. “Nimempitisha punda Daraja la Karachi.” “Mtoto amepoteza kofia Daraja la Karachi.” Kila marehemu alipolisikia hilo, alisikia baba yake akizikwa mara ya pili bila yeye kuwepo. Alifunga mizigo arudi zake. Kabla ya kuondoka alikwenda kwa Qurbon Mast.

Mzee alikuwa mbele ya jiko. “Karibu, kijana. Umekuja kudai ushuru wa daraja?”

“Nimekuja kumuuliza binti yako nimekosa nini.”

Zamrut alikuwa anasokota manyoya ya yaki na hakuinua uso. “Kwani mimi hakimu?”

“Wewe ndiye uliyeingia mtoni. Wengine walikufuata. Mimi niliapa hakuna atakayebeba jiwe kwa jina la baba. Alibebeshwa maisha yake yote!”

“Alibebeshwa na watawala, ndiyo. Na sisi, nani alitubebesha?” Hapo ndipo alipoinua uso. “Nilivunjika mguu malishoni nikiwa mtoto. Baba yako alinibeba mpaka nyumbani, siku nzima, na mgongo wenyewe ule. Njiani ananiimbia nisilie, na sauti yake mbaya unaijua. Alipokufa nikasema, haya, mwanawe hatakosa kufanya nomus. Nami nitambebea jiwe. Moja tu. Nimeshuka, nakuta mafundi wamemaliza. Hukuniachia hata kokoto.”

Bibi anasema Babu aliweka chini kikombe chake cha chai.

“Sasa nifanyeje? Niling’oe?”

Mzee Qurbon akakohoa. “Nyaya ziache, nyaya ni nzuri. Ng’oa mbao.”

Kesho yake marehemu alishika nyundo, aking’oa ubao mmoja baada ya mwingine mbele ya macho ya watu, na wengi waliamini huzuni imempanda kichwani. Kisha akafanya jambo ambalo, kwa mujibu wa cheti chake, hakuwahi kulipenda. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba. Alisema, “Nimekuja kuomba ubao kwa ajili ya baba yangu. Mmoja tu, wowote.” Nyumba ya kwanza walimtazama tu. Nyumba ya pili mama mmoja aliingia ndani, akatoka na mfuniko wa sanduku la unga. Kuanzia hapo habari ikamtangulia. Mwingine alitoa mlango wa zizi, mwingine ubavu wa kitanda cha mtoto aliyekwisha kukua. Hata ile nyumba ya kwanza walikuja jioni na ubao wa mti wa mwerebi, wakasema walikuwa wanautafuta tu. Siku ya kupigilia, marehemu hakugusa nyundo. Alipika. Watu walifanya kazi wakila, wakala wakibishana ubao wa nani ukae wapi, na wazee kwa mara ya kwanza wakamlilia Shambi Khan kwa sauti wakiwa kazini, kama inavyotakiwa. Zamrut alileta ubao wa mti wa aprikoti, mzito na uliopinda. Fundi alitaka kuuranda. Zamrut akasema, “Uacheni. Na yeye alikuwa amepinda.” Ndio ule unaolia ukikanyagwa katikati ya daraja. Marehemu hakukubali ubadilishwe maisha yake yote. Jioni ile mtoto mmoja aliambiwa akachote maji ya chemchemi ng’ambo, na mama yake akamwambia, “Pitia Daraja la Shambi Khan.” Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo.

Marehemu hakurudi Karachi. Alimwoa Zamrut tarehe 20 Septemba 1979, na msafara wa harusi ukampitisha mke darajani bila kulowa. Mungu aliwajalia watoto watatu. Bibi anasema kwa miaka yote ya ndoa, walipokosana, Babu alikuwa akiuliza, “Leo unavuka wapi?” naye akijibu kwa kukunja suruali.

Baada ya ndoa alifanya kazi ya kuwapikia wapanda milima, kazi aliyoifanya hadi 2011. Alikuwa mpishi tofauti na yule wa hoteli. Kambini kwake hakuna aliyekaa bure, hata wageni waliolipa. Alimkabidhi mzungu mmoja mwenye ndevu za barafu kitunguu na kisu, akamwambia kwa ishara, menya. Mwaka uliofuata mgeni yule alirudi akaulizwa kilele gani alikipenda. Akasema alikipenda kitunguu. Tulipojenga upya paa la shule mwaka 1996, marehemu ndiye aliyewagawia watu kazi. Jirani yetu mzee Aman Shah, ambaye haoni, alikuwa amekaa mbali akidhani hana lake. Marehemu alimletea ndoo ya misumari iliyopinda na jiwe la kunyooshea. Vidole vyake viliona kuliko macho yetu. Mzee Aman yupo hapa leo, na kila mvua isipoingia darasani kwetu, tunajua ni misumari yake.

Niliwahi kumuuliza Babu mtu anajifunzaje kuwa hivyo, maana shuleni tunaambiwa tu “mjitolee” na somo linaishia hapo. Alisema, “Ukifika kazini usianze kuuliza utapata nini. Uliza hapa panapungua nini, na mkono wako unafaa wapi. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza, nami niliijua tangu ujana. Nusu ya pili ilinigharimu mbao. Umwachie na mwenzako pengo lake.”

Mwezi Februari 2022 marehemu alipatwa na kiharusi kilichomwondolea mkono na mguu wa kulia. Alitibiwa Gilgit, kisha akarudishwa nyumbani, na Bibi pamoja na shangazi yetu Nigora walimuuguza kwa uvumilivu mkubwa. Maumivu aliyavumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni kulala huku wengine wanafanya kazi. Juni mwaka huu mafuriko ya barafu iliyoyeyuka yalitikisa nguzo za daraja, kijiji kikaitana, na vijana wakaja kumchukua.

“Babu, twende.”

“Niacheni. Sitaki kuwa mzigo.”

Bibi akasimama mlangoni. “Tuman, Karachi imekurudia?”

Alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki ikicheka, akakubali. Walimbeba na kitanda chake cha kamba. Sohail, mmoja wa vijana hao, aliyekuwa mbele, akalalamika, “Babu, mzito hivi! Ulikuwa unaonja kila sufuria?”

“Hata la mama yako,” akasema.

Mtoni walimpa mwisho wa kamba ya kupimia aushike kwa mkono wa kushoto. Aliushika asubuhi mpaka jioni, hakumwachia mtu. Jioni aliomba apitishwe katikati, na ule ubao wa aprikoti ukalia chini ya waliombeba. Nilikuwa nyuma ya kitanda, niliona tu akifumba macho kama mtu anayesikiliza wimbo wenye sauti mbaya anayoijua.

Marehemu alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Jumanne, tarehe 15 Oktoba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bibi.

Jana jioni mwanawe Rahbar, aliyefika kutoka Islamabad, alisema atamfanyia baba yake nomus. Atajenga njia ya kwenda zahanati, na ataleta mkandarasi na mashine, kijiji kisisumbuke. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwanangu, mashine ilete, miamba ya kule ni migumu. Lakini mawe ya ukingo tuachie.” Ami Rahbar aliinamisha kichwa akalia kwa mara ya kwanza tangu afike. Ameniomba niwatangazie: kazi itaanza theluji ikiyeyuka. Kila nyumba ilete jiwe moja, lolote. Lililopinda lisichongwe.

Marehemu ameacha mjane, Zamrut, watoto watatu, Rahbar, Nigora na Amin Beg, ambaye ni baba yangu, wajukuu saba, dada yake, Bibi Mahtob, mzee Aman Shah aliyekuwa kwake kama ndugu, na daraja moja.

Babu, ulichelewa kushika jeneza la baba yako. Lako leo limegombewa, na wengi wamelishika kwa zamu ili kila mtu apate. Mungu akulaze mahali pema. Mzigo wako tumegawana. Pumzika.