Uji wa Kambi ya Kipindupindu

Mwaka ule wa kipindupindu, ndani ya basi la Didia, Mzee Maduhu aliketi kati yangu na mama mmoja aliyepakata sufuria mbili za uji.

“Unapeleka wapi, mama?” mzee akauliza.

“Kambini, kwa wagonjwa na nesi Salvina. Hajala tangu jana.”

Mzee alinisogelea nusura nimpakate. “Huko wanaharisha hadi roho! Mke wangu yuko hukohuko. Namwombea nikiwa mbali.”

“Mungu anasikia, baba. Ila beseni la matapishi anayelimwaga ni Salvina.”

“Si ndiyo kazi yake?”

“Ana wagonjwa sitini, peke yake. Na wewe mume, kazi yako ipi?”

Mzee akageukia dirisha, akakagua mashamba ya pamba ya watu.

Basi liliposimama kambini, mama alishuka na sufuria moja. Nyingine alimwachia mzee mapajani.

“Babu,” kondakta akauliza, “unashuka?”