Mwenye Kumaliza Ndiye Mwenye Spika

Kijiwe chenyewe si kitu cha kupigia picha. Ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, nje ya kibanda cha kuziba pancha, kando ya barabara inayokwenda stesheni ya Voi. Jua la saa kumi likianza kulegea, Tryphena hushuka na boda kutoka Sagalla, huwasha jiko lake dogo, huweka dele la kahawa juu ya makaa, na wenyewe hujipanga kwenye ubao bila kuitwa. Msumarini pananing'inia spika nyekundu iliyofungwa kwa kipande cha tyubu. Spika hiyo ina sheria, na sheria hiyo inajulikana hadi stesheni: mwenye kumaliza gemu ndiye anayechagua muziki. Si kushinda raundi mbili tatu, hapana. Kumaliza, mpaka mwisho kabisa, pale kwa Mbuvi mwenye chumba cha gemu. Na kuangalia mwisho kwa simu ni wizi. Ukijulikana, hata nafasi ya kukaa hupati. Kwa miaka sita mwenye spika alikuwa mmoja tu, Muinde fundi wa pancha, na ndiyo maana wakamwita Maliza. Kwa miaka sita kijiwe kikasikiza benga, wapende wasipende.

Siku hiyo Muinde alitoka kibandani akijipangusa mikono kwa kitambaa, akaangalia ubao, akasimama. Mahali pake pa kona, penye kivuli, palikuwa na mtu. Ni Sylus, kijana wa Ronge aliyekuja Voi juzi juzi kuuza kwenye duka la mbegu. Hilo lingeweza kusameheka. Lakini mkononi Sylus alishika kikombe cha mstari wa dhahabu, na kikombe hicho kiko kimoja tu katika vikombe vyote vya Tryphena, na miaka yote kilikuwa cha Muinde.

— Tryphena, hicho kikombe ni cha nani?

— Ni cha kahawa, Tryphena akajibu, wala hakuinua macho.

— Maliza, kaa kwanza, akasema Lewis, ambaye wanamwita Dredi ingawa kichwa chake hakina hata unywele mmoja. — Kaa, usije ukaanguka. Huyu msee amemaliza ile gemu ya Milango Tisa.

— Nani?

— Sylus! Siku nne, bana. Siku nne! Wewe ulichukua ngapi?

Muinde alichukua miezi mitatu, na Dredi alijua vizuri.

— Siku hizo pedi za kuchezea zilikuwa mbovu, akasema Muinde, akakaa upande wa jua.

Sasa hapa pana jambo ambalo kijiwe kizima hakikulijua, na Muinde alikuwa amelificha mpaka kwa mkewe. Milango Tisa hakuimaliza. Aliufikia mlango wa tisa, hiyo ni kweli ya Mungu. Alimwona yule mnyama mwenye macho mekundu akinyanyuka, vidole vikimuuma, jasho likimwingia machoni. Alimpiga mnyama mara tatu akayumba. Halafu stima zikapotea, giza mtaa mzima. Alipotoka nje, Dredi na Profesa, mwenzao wa kijiweni, walikuwa mlangoni wakimngoja, wakamuuliza, vipi? Mdomo wake ukasema wenyewe: nimemaliza. Kabla hajameza mate alikuwa amebebwa juu juu, spika mkononi. Kurudi kucheza hakuweza, maana angeonekana, na angeonekana angeulizwa. Kuangalia kwa simu hakutaka. Mara mbili alianza kutafuta, mara mbili akafunga. Kwa hiyo alikuwa bingwa wa kitu ambacho hajawahi kuona kinavyokwisha.

Na sasa kijana wa juzi, siku nne, na kikombe cha dhahabu juu. Wivu ulimpanda Muinde mpaka masikio yakamwaka moto. Swali moja tu lingemmaliza huyu Sylus, na swali lenyewe lilikuwa mdomoni: haya, nyuma ya mlango wa tisa kuna nini? Lakini angeliulizaje? Sylus akisema kuna farasi, Muinde angebisha kwa lipi?

Basi akaamua kushika muziki.

— Na ukipewa spika utacheza nini?

— Amapiano, Sylus akasema. — Na gengetone kidogo, jioni watu wachangamke.

— Uuui! Muinde akajishika kichwa. — Mnasikia? Mtu anayesikiza amapiano anasema amemaliza kitu! Amapiano yenyewe haina mwisho. Inaanza, inazunguka, inazunguka, mwenye kucheza akichoka anazima. Benga ndiyo ina mwisho. Gita linapanda, linapanda, mguu unakataa kutulia, halafu paah! Imekatwa. Watu wa benga tunamaliza.

— Kwani ulimaliza shule? akauliza Dredi.

— Tunaongea gemu.

— Maliza ana pointi, akasema Profesa. Jina lake ni Donald, alifundisha darasa la tatu miaka thelathini, na hakuna jambo duniani asilolifanyia utafiti akiwa amekaa. — Lakini hajafika kwenye mzizi. Mzizi ni kidole gumba. Mtu wa milimani amebangua mbaazi tangu akiwa mtoto. Kidole chake kina mazoezi. Ronge ni mlimani. Kwa hiyo mimi Sylus namwamini kwa asilimia themanini na mbili.

— Na hizo kumi na nane?

— Sijaona mbaazi zenyewe.

— Mimi Mkamba nimebangua pojo! Muinde akapayuka. — Pojo ni ndogo kuliko mbaazi! Nani ana kidole hapa?

— Pojo haibanguliwi, Maliza, akasema Tryphena. — Pojo inapigwa kwa fimbo.

Watu wakacheka. Sylus naye akacheka, kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomkera Muinde kuliko kicheko chenyewe. Angemtukana angalau wangegombana. Lakini kijana anakuita kaka, anakusogezea bakuli la kashata, na huku amekaa mahali pako.

— Wote mmepotea, Dredi akasema. — Mziki wa gemu ni reggae. Kwa nini? Reggae inakufanya usiwe na haraka. Mnyama anakuja, wewe umetulia. Anakuuma, wewe umetulia.

— Ndiyo maana hujawahi kupita mlango wa pili.

— Mimi sikushindwa, Maliza. Mimi nilisamehe.

— Ngojeni, ngojeni, Profesa akainua kidole. — Mnajua kwa nini ndovu siku hizi wanavunja ua kule chini ya Sagalla? Ni besi. Ndovu anasikia kwa miguu, hilo limeandikwa. Sasa mtu akipiga amapiano hapa, ile besi inashuka ardhini, inatembea, ndovu kule anafikiri ameitwa na mamake. Spika hii ikipewa Sylus, kesho asubuhi tutakunywa kahawa na ndovu.

— Na benga?

— Benga inapita juu. Ndege ndio wanasumbuka.

— Hapo sasa! Muinde akapiga paja. — Usalama wa mji uko mikononi mwa benga!

— Aki nyinyi, Tryphena akasema huku akimimina. — Ndovu walikuja shambani kwa mama yangu Jumapili wakati wa ibada. Tulikuwa tunaimba nyimbo za kwaya. Wakala mahindi mpaka baraka ya mwisho.

Tryphena akamwangalia Sylus, akamwongezea kahawa kwenye kile kikombe bila kuulizwa.

— Mimi nimechoka na gita la kila siku, akasema. — Miaka sita! Acha mtoto wa watu aweke chake. Sheria ni sheria.

Muinde akaonja kahawa yake, akairudisha chini. Alikuwa ameona gere mpaka kahawa ikawa haina ladha. Kumbe miaka sita yote mama huyu alikuwa akivumilia tu! Aliiangalia spika pale msumarini. Angeipoteza leo, kesho wangemwita nani? Muinde wa pancha, basi. Na wako Muinde wangapi Voi?

— Siku nne, akasema polepole. — Kijana, siku nne umelala saa ngapi?

— Sikulala sana, kaka.

— Na duka la mbegu?

— Nilikuwa kwa likizo.

— Na Mbuvi alikuwepo ukimaliza?

— Alikuwa ameenda kununua chapati.

— Aha! Alikuwa ameenda kununua chapati!

— Hata wewe Mbuvi hakuwepo, Profesa akakumbusha. — Alikuwa ameenda kutafuta mshumaa.

Sylus akaweka kikombe chini, akajipangusa viganja kwenye suruali, akainuka. Akanyoosha mkono kuelekea msumarini, Dredi akaanza kupiga makofi, na Muinde akajikuta naye amesimama, ameshika tyubu iliyofunga spika. Wakashikana hapo, mmoja huku, mwingine kule.

— Kaka Maliza, achilia.

— Sijakataa. Nafungua tu.

— Unafungua au unakaza?

— Hodi jamani.

Wakageuka. Mama wa makamo alikuwa amesimama na gurudumu la baiskeli mkononi, vumbi hadi magotini, leso begani.

— Fundi wa pancha ni yupi? Naitwa Ndunge, nimetoka Maungu. Nimeambiwa fundi ni huyo anaitwa Maliza.

— Ni mimi, mama. Karibu, kaa. Dakika mbili tu.

— Mnapigania nini?

— Si kupigana, mama, Profesa akasema, akampisha kwenye ubao. — Ni mambo ya heshima. Hawa wawili ndio watu pekee katika mji huu waliomaliza gemu inayoitwa Milango Tisa. Na mwenye kumaliza ndiye mwenye spika.

— Ya watoto hiyo, kwa televisheni?

— Watoto hawaiwezi. Ina milango tisa, na kila mlango una adui wake.

— Ehe! Ndunge akakaa, akaweka gurudumu mapajani, akapokea kahawa. Alikuwa mtu wa kupenda hadithi, ungemwona tu. — Na nyuma ya huo mlango wa tisa kuna nini?

Boda ikapita, ikaenda zake, wote wakaifuata kwa macho.

— Kweli, akasema Dredi. — Hata mimi sijawahi kuuliza. Kuna nini?

— Sylus? akasema Profesa. — Wewe bado una kumbukumbu mbichi.

Sylus alikuwa akiangalia viatu vyake. Mkono wake ulikuwa umeachilia spika, ukaenda tena kwenye suruali, ukajipangusa, ukajipangusa. Muinde akamwona. Akauona ule uso, akautambua kabisa, maana ndio uso aliotoka nao kwa Mbuvi siku ile ya giza. Mungu wangu! Huyu naye hakumaliza! Furaha ilimjaa Muinde, akataka kupiga kelele, akataka kumwonyesha kidole mbele ya Tryphena na kile kikombe chake.

— Mwache kijana afikirie, Profesa akasema. — Maliza, wewe ndiye mkongwe. Mwambie mama.

Furaha ikakatika. Macho yote yakahamia kwake. Macho ya Dredi, ya Profesa, ya Tryphena aliyesimama na dele hewani. Mama Ndunge alikuwa amechovya mdomo kwenye kahawa, anangoja, hana ubaya wowote na mtu.

— Kuna... akaanza Muinde. — Tryphena, niongeze kahawa kidogo.

Tryphena akainamisha dele. Likatoa tone moja, la pili likakataa.

— Imeisha, akasema. Akamwangalia Muinde, kisha Sylus, kisha Muinde tena, akatabasamu vile wanawake wa kijiweni wanavyotabasamu wakishajua. Akachukua kile kikombe cha dhahabu pale chini, akakisuuza, akakitupia ndani ya kikapu. Halafu akaing'oa spika msumarini, akaiweka juu ya kikombe. — Hii nayo italala kwangu mpaka mama ajibiwe.

Dredi aliangalia kichwa chake kwenye kioo cha boda iliyoegeshwa kando kana kwamba nywele zimeota. Profesa akasema swali hilo linahitaji utafiti, akakumbuka ana mtu anayemngoja posta. Muinde akachukua gurudumu, akaingia kibandani, akachovya tyubu kwenye beseni la maji kutafuta povu.

Sylus akamfuata. Akachuchumaa kando yake, akashika upande wa pili wa tyubu.

— Kaka, akanong'ona. — Stima?

— Stima, Muinde akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa neno hilo kwa miaka sita, na mabega yake yakashuka. — Na wewe?

— Mimi nilikufa. Mara kumi na moja. Nikaona aibu.

Muinde akamwangalia kijana huyu, akamhurumia. Kumbe ni mtu mzuri tu. Akamwambia kesho wakifunga kazi waende kwa Mbuvi wote wawili, wamchape yule mnyama pamoja, na wakiulizwa waseme wanajikumbusha.

— Sawa kaka, Sylus akasema, uso ukimchanua. — Lakini utanionyesha. Mimi hunishinda pale mnyama anapoota kichwa cha pili.

Povu likatoka majini, dogo, la kwanza, kisha mengi. Muinde hakuliona. Kichwa cha pili? Miaka sita anajiambia alibakiza pigo moja. Kichwa cha pili yeye hakuwahi kukifikia.

Akamwangalia Sylus tena, na masikio yakaanza kumwaka moto upya.

— Achilia tyubu yangu, akasema.